Viza ya Likizo na Kazi: Kijana wa Geita Anasimama Wapi?



Nianze na karatasi. Siku chache kabla sijaombwa kuandaa mada hii, kijana mmoja wa Katoro alinifuata na karatasi aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, uleule anaotunzia risiti za karasha. Juu ina picha ya kangaroo, chini muhuri mwekundu, na katikati maneno ya Kiingereza kwamba amekubaliwa kwenda Australia miezi 12, kutembea na kufanya kazi. Alikwisha kulipa milioni mbili na nusu. Nyingine ilitoka kwenye mgawo wake wa duara, yaani shimo la dhahabu, nyingine kaka yake aliuza ng'ombe. Alichotaka kwangu ni kitu kidogo tu: nimsomee tarehe ya safari. Tarehe haikuwemo. Kilichokuwemo ni anuani ya barua pepe ya bure, ambayo yeyote kati yetu anaweza kuifungua kwa dakika tano, na jina la Australia limekosewa herufi.

Viza yenyewe ipo, hilo tusibishane. Ila mwenye pasipoti ya Tanzania haimhusu, na wakala hawezi kuifanya imhusu.

Sababu ni kwamba msingi wa viza hii ni makubaliano ya serikali mbili: vijana wako waje kwangu, na wangu waje kwako. Pasipo makubaliano hakuna fomu. Australia ilianza utaratibu huu mwaka 1975, na leo una madaraja mawili, 417 na 462. Umri ni miaka 18 hadi 30. Kwa nchi chache kama Kanada, Ufaransa na Ireland unafika 35. Mwombaji huonyesha akiba ya kama dola 5,000 za Australia pamoja na nauli ya kurudi, na kwa kawaida haruhusiwi kukaa kwa mwajiri mmoja zaidi ya miezi sita. Nchi zinazohusika zimetajwa moja moja. Ujerumani imo, Japani imo, Brazili imo, hata Mongolia. Afrika haina hata moja. Orodha ya New Zealand nayo ni hivyohivyo.

Kuna kipengele kimoja ambacho kwa watu wa huku kinachoma. Mwenye viza ya 417 akitaka kuongezewa mwaka wa pili, kwa wengi sharti ni kufanya kazi maalumu siku 88 nje ya miji mikubwa. Kuchuma matunda kunahesabika. Uchimbaji wa madini unahesabika pia. Maana yake ni kwamba kijana wa Paris ambaye hajawahi kushika sururu anaweza kwenda Kalgoorlie, mji wa dhahabu wa Australia Magharibi, akafanya kazi mgodini na siku zake zikaandikwa. Kijana wa Nyarugusu aliyekulia kwenye mdomo wa duara, anayeutambua mwamba kwa kuugonga tu, hana pa kujiandikisha.

Wazee wataniuliza: kwani zamani haikuwepo? Ilikuwepo, tena Uingereza. Vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola, Tanzania ikiwemo, waliruhusiwa kuishi huko miaka miwili na kufanya kazi. Mlango huo ulifungwa Novemba 2008, ukaja mpango mpya ulioanza na Australia, Kanada, Japani na New Zealand. Sisi tuliachwa nje. Waliofaidi zaidi mpango wa zamani ni Waaustralia, watu wa New Zealand na wa Afrika Kusini. Huku kwetu habari zake sidhani kama ziliwahi kuvuka Tinde.

Kilicho wazi leo kwa Mtanzania, na kinachokaribiana na viza hiyo, ni Ujerumani. Kuna utaratibu wa au pair: unaishi na familia, unawasaidia kulea watoto na kazi ndogo za nyumbani, saa zisizozidi 30 kwa wiki, hadi mwaka mmoja. Chakula na chumba ni juu yao, na unapewa euro 280 kwa mwezi za mfukoni. Uwe umefika miaka 18 na hujafika 27 unapoomba, na uwe na Kijerumani cha ngazi ya A1. Hicho Kijerumani ndicho mlima wenyewe, kwa sababu Goethe-Institut iko Dar es Salaam, na kukaa Dar kusoma ni gharama kuliko pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000. Njia nyingine ni kujitolea kupitia mpango wa weltwärts, ambao tangu 2013 unapokea pia vijana wanaotoka huku kwenda kule. Huo si mshahara, na asiwadanganye mtu.

Kuhusu Ghuba nitasema neno moja: viza ya matembezi ya Dubai si kibali cha kazi. Wakala wa ajira anatakiwa awe amesajiliwa chini ya Sura ya 243 ya sheria zetu, na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ndipo pa kumuulizia kabla hujatoa hata shilingi.

Naja kwa waheshimiwa madiwani waliokaa hapa mbele. India iliingia kwenye viza ya 462 kwa njia ya mkataba wa biashara na Australia wa mwaka 2022, ikapata nafasi 1,000 kwa mwaka, zinazogawiwa kwa kura. Sasa tazameni Nyanzaga, hapo jirani Sengerema: mradi wa dhahabu wa Perseus, kampuni ya Australia, na serikali yetu ina hisa humo. Najua kampuni haitoi viza. Lakini serikali mbili zinazozungumza dhahabu zinaweza kuzungumza na vijana. Wabebesheni wabunge wetu ombi hilo, wa Geita, wa Shinyanga na wa Mwanza.

Karatasi ya kijana wa Katoro ninayo hapa mezani, mwenyewe ameniruhusu. Jina lake nimelifunika. Wakati wa chai njooni muitazame vizuri, hasa muhuri.