Kuchagua na Kutumia Vichoreo katika Karakana za Vyama Vyetu

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu, wajumbe wa kamati na mafundi wa vyama wanachama



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya mikopo, pembejeo na bei ya mazao, na ni haki yetu kufanya hivyo. Leo naomba tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu hamjapata kukiona katika orodha ya manunuzi, nacho ni kichoreo: kile kijiti cha chuma chenye ncha kali ambacho fundi hutumia kuchora mstari juu ya bati, chuma au ubao kabla ya kukata. Mafundi wengi hukiita skraiba. Ijapokuwa ni kidogo, kinahusika moja kwa moja na mali ya wanachama, na tena, kama nitakavyoonyesha, na uaminifu kati ya katibu na fundi.

Natoa mfano. Chama kinanunua bati bapa lenye urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122. Fundi anatakiwa kutoa vipande vya mraba, kila upande sentimita 24. Tukigawanya, urefu unatoa vipande 10 na kubaki sentimita 4. Upana unatoa vipande 5 na kubaki sentimita 2. Jumla ni vipande 50. Sasa tuseme fundi hana kichoreo. Anachora kwa kipande cha chaki, mstari ni mnene, naye kwa kuogopa kupunja anakata nje ya mstari, hata kila kipande kinatoka na sentimita 24 na nusu. Nusu sentimita ni nini? Lakini fanyeni hesabu: urefu sasa unatoa vipande 9 tu, na upana vipande 4 tu. Jumla ni 36. Vipande 14 vimepotea, na hakuna mtu aliyeviiba.

Hapa ndipo penye jambo zito. Katibu anafungua daftari na kuona kwamba bati lilitoka ghalani likiwa zima, vipande 50 vilitarajiwa, na vilivyoletwa ni 36. Atamdhania nani? Maneno yataanza kupita chini kwa chini, kamati itaitana, na fundi mwaminifu atatiwa doa kwa sababu ya unene wa chaki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata yenye daftari yaweza kupotea, ikiwa mstari wa kukatia haujulikani ulipo.

Vichoreo viko vya namna gani?

Kuna msemo kwamba mchagua jembe si mkulima. Msemo huo ni wa kumkemea mvivu. Haukukusudiwa kumzuia mtu asitafute zana inayolingana na kazi yake. Kwa hiyo tuzitazame zana zenyewe, moja moja.

Ya kwanza ni kichoreo cha chuma cha pua kilichotiwa ugumu. Hiki ndicho cha kazi za kila siku. Vingine vina ncha moja, vingine vina ncha mbili, moja imenyooka na ya pili imepindwa kama kulabu ili iweze kufika ndani ya bomba au pembe isiyofikika. Kizuri chake ni kwamba fundi anaweza kukinoa mwenyewe.

Ya pili ni kichoreo chenye ncha ya kabaidi. Ncha hii ni ngumu kupita chuma cha pua, hudumu muda mrefu, na huchora hata juu ya chuma kilichotiwa ugumu. Lakini ina tabia mbili ambazo mnunuzi lazima azijue. Huvunjika upesi ikidondoka sakafuni au ikipigwa, na hainoleki kwa jiwe la kawaida la kijivu. Huhitaji jiwe maalumu la kijani au la almasi. Chama ambacho hakina jiwe hilo kijue kwamba siku ncha itakapoisha kichoreo nacho kimekwisha.

Ya tatu ni kisu cha kuchorea, ambacho ni cha seremala. Kwa mstari unaokatiza nyuzi za ubao, hakuna kinachokishinda, kwa sababu hukata zile nyuzi za juu, na msumeno unapopita hazichaniki. Seremala alaze upande ulio bapa kwenye rula, na upande ulionolewa uelekee sehemu itakayotupwa. Kwa mstari unaofuata nyuzi, kisu hupenda kukimbia na nyuzi hizo. Basi mkato wa kwanza uwe mwepesi sana, au atumie penseli iliyochongwa vizuri.

Ya nne ni penseli na chaki, ambazo nazo zina mahali pake. Chaki ya jiwe laini wanayotumia wachomeleaji haiungui kwa joto na huonekana hata fundi akiwa nyuma ya kioo cheusi. Hapo kichoreo hakifai kitu, kwani mstari wake mwembamba hauonekani.

Katibu anayekwenda dukani anaweza kupima ubora wa kichoreo cha pua kwa njia rahisi. Aombe tupa nzuri, aipitishe kidogo karibu na ncha. Tupa ikiteleza bila kuuma, chuma kimetiwa ugumu sawasawa. Ikiuma na kutoa unga, kichoreo hicho ni msumari uliopambwa, asikinunue.

Mahali ambapo kichoreo hakifai

Ndugu Wanachama, kichoreo huacha jeraha. Penseli hufutika, lakini mkwaruzo wa ncha haufutiki. Kwa hiyo kuna kazi tatu ambazo fundi inampasa kujihadhari.

Kwanza, mabati yaliyopakwa zinki. Bati la daraja la gramu 275 za zinki kwa mita mraba, kwa pande zote mbili pamoja, lina zinki yenye unene wa takribani sehemu 2 za mia za milimita kwa kila upande. Ncha kali huipenya mara moja. Ni kweli kwamba zinki ya kandokando huulinda mkwaruzo mwembamba kwa muda, lakini hujitoa sadaka yenyewe, na siku ikiisha kutu huanzia hapo. Basi mstari wa kukatia na uchorwe, kwa kuwa mkasi utaupitia; bali mistari ya kukunjia na alama zitakazobaki juu ya bati zichorwe kwa penseli.

Pili, mistari ya kukunjia kwa jumla, hasa katika alumini. Ukichora kwa ncha kisha ukakunja juu ya mstari huo, umeionyesha nyufa njia ya kupita. Penseli itoshe.

Tatu, na hili ni la usalama, vyuma vinavyobeba mzigo unaotikisika. Chukueni mfano wa kulabu au kibao cha chuma kinachounganisha mti wa mkokoteni na nira. Mkwaruzo mzito unaokatiza upana wa chuma hicho hukusanya nguvu zote mahali pamoja. Kila gurudumu linapoingia shimoni, mkwaruzo hupanuka kidogo, tena kidogo, hata siku moja chuma kinakatika mkokoteni ukiwa mteremkoni na mzigo wa magunia. Katika vyuma vya namna hiyo mikwaruzo isiyo ya lazima isichorwe, na iliyochorwa ilainishwe kwa tupa na msasa kabla ya kazi kukabidhiwa.

Namna ya kuchora

Sasa nazungumza na mafundi. Mstari mzuri huanza na uso safi. Ondoeni kutu na mafuta, kisha pakeni kitu kitakachoufanya mstari uonekane. Rangi ya bluu ya mafundi ni nzuri. Ikikosekana, paka kalamu ya wino mzito mahali unapotaka kuchora, kisha chora juu yake.

Wakulima wa kahawa mnayo njia nyingine ghalani mwenu bila kujua, nayo ni mrututu. Mnafahamu kwamba dawa ya mrututu haichanganywi katika debe la chuma, maana hulila debe. Sababu ni kwamba chuma huyeyuka na shaba iliyomo katika mrututu hukaa mahali pake. Tabia hiyo hiyo humsaidia fundi: maji yenye mrututu kidogo, yakipakwa kwa kitambaa juu ya chuma kitupu kilichosafishwa, huacha utando mwembamba wa rangi ya shaba, na mstari uliochorwa juu yake hung'aa. Njia hii ni ya chuma kitupu tu. Isitumiwe juu ya zinki wala alumini. Tena mrututu ni sumu. Ukae katika chupa iliyoandikwa jina, mbali na watoto na chakula, na mikono ioshwe.

Kisha shikeni rula ya chuma kwa nguvu, au ibaneni. Kichoreo kiinamishwe kwa namna mbili: kwanza kiegemee nje, ili ncha yake iingie chini kabisa ya ukingo wa rula, pili kiinamie upande mnaouelekea, ili ncha ivutwe na isisukumwe. Vuta mara moja. Mstari unaorudiwa huwa miwili, na fundi mwenye mistari miwili hana mstari.

Jambo la mwisho katika kuchora ni pa kuanzia. Chagueni ukingo mmoja ulionyooka, na vipimo vyote vianzie hapo. Tuseme mnatengeneza nondo za dirisha la ghala, na kibapa kinahitaji mashimo 10. Fundi akipima kila shimo kutoka lile lililotangulia, akizidisha milimita 1 tu kila mara, shimo la kumi litakuwa limehama sentimita nzima. Akipima yote kutoka ukingo mmoja, kosa la shimo moja halirithiwi na jingine. Na kwa kuwa kibapa cha juu na cha chini lazima vilingane, vibaneni pamoja kwenye jiliwa na mchore vyote viwili kwa mara moja kwa skwea. Hapo nondo zitasimama wima. Palipo na shimo, pigeni senta panchi mahali mistari inapokutana, ili keekee isiteleze.

Kunoa na kujitengenezea

Kinolewacho hupata. Ncha ya kichoreo cha pua iwe ndefu na nyembamba, pembe yake nyuzi 12 hadi 15. Inoeni kwa jiwe la mafuta, mkiizungusha taratibu. Mkitumia mashine, gusisheni kidogo na kuchovya majini mara kwa mara. Ncha ikigeuka rangi ya bluu, ugumu umeondoka, na kunoa tena hakutaurudisha mpaka itiwe ugumu upya.

Chama kisichoweza kununua kinaweza kujitengenezea kutokana na tupa iliyochakaa. Ipasheni moto hadi iwe nyekundu, izikeni katika majivu ipoe polepole, italainika. Sageni meno, ipeni umbo. Kisha pasheni moto sentimita 2 za mwisho mpaka sumaku isiishike tena, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Sentigredi. Ongezeni kidogo, chovyeni majini. Sasa ni ngumu lakini itavunjika kama kioo. Ing'arisheni kwa msasa, ipasheni tena taratibu kutoka upande wa nyuma, na rangi ya manjano hafifu kama nyasi kavu itakapofika nchani, karibu nyuzi 230, ichovyeni mara moja. Vaeni miwani ya kazi muda wote huo.

Kutunza

Kichoreo hakikai mfukoni mwa shati. Fundi akiinama au akianguka, ncha hiyo yaweza kumchoma kifuani au jichoni. Kikae sandukuni, kimechomekwa kizibo. Wala kisitumiwe kutoboa mabati au kufungulia makopo.

Ndugu Makatibu, namalizia kwa kuwaomba mambo matatu. La kwanza, kila karakana ya chama iwe na angalau vichoreo viwili vya pua, kisu kimoja cha kuchorea, rula ya chuma na skwea, na vyote viandikwe katika daftari la vifaa kwa jina la aliyekabidhiwa. La pili, kabla bati au ubao haujatoka ghalani, fundi achore kwenye karatasi jinsi atakavyougawa, vipande vihesabiwe, na katibu na fundi watie sahihi. Kazi ikiisha, vipande na mabaki vihesabiwe tena mbele ya wote wawili. La tatu, pakitokea upungufu, kamati iende kwanza karakanani kutazama mistari ilivyochorwa, kabla ya kumwita mtu yeyote kujitetea.

Tukifanya hivyo tutakuwa tumelinda bati, na tutakuwa tumelinda jina la fundi wetu, ambalo likishachafuka halina duka la kulinunulia jingine.