Habari ni Amana: Nani Ameshika Kipaza Sauti?

Hotuba ya wakili mmoja kwenye semina ya elimu ya uraia, Bongwe, Kwale



Nimeombwa nizungumzie habari: nani huzitengeneza, nani huzipotosha, na sisi tunaozipokea tuna wajibu gani. Mimi ni mwanasheria, na kazi ya mwanasheria ni kupima ushahidi. Shahidi akisimama kizimbani, hatumwulizi tu anasema nini. Twamwuliza alikuwa wapi, aliona kwa macho yake au alisimuliwa, na ni nani aliyemleta. Naomba leo tuisimamishe redio, gazeti na simu kizimbani hivyo hivyo.

Nianze na hadithi. Mwaka 1986 marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya ya Kigikuyu iitwayo Matigari. Ndani yake mna nchi ambayo redio yake huitwa Sauti ya Ukweli, na kazi yake ni kutangaza amri za wakubwa. Mna pia wasomi ambao elimu yao ni ya kasuku: kurudia waliyoambiwa. Mwandishi mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ilipata fununu kuwa wananchi wanamnong'ona mtu aitwaye Matigari, anayezunguka nchini akiuliza kweli na haki ziko wapi. Ikatolewa amri akamatwe. Polisi wakagundua kwamba mtu huyo yumo kitabuni tu, na Februari 1987 nakala za kitabu zikachukuliwa madukani. Tazameni basi: serikali iliyozoea kuwaaminisha watu yasiyokuwapo, nayo ikaishia kumsaka asiyekuwapo.

Tutoke kitabuni tuingie maishani. Jumapili, Agosti 1, 1982, askari waasi wa Jeshi la Anga walimtoa nyumbani mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mwana wa Pwani hii, wakampeleka kituo cha Sauti ya Kenya atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Siku ile ile, askari watiifu walipokikomboa kituo, sauti hiyo hiyo ikatangaza kwamba serikali imara ipo. Simlaumu marehemu, aliwekewa bunduki. Lakini tangu hapo kila Mkenya angepaswa kujua kwamba sauti tuliyoizoea na kuipenda si dhamana ya ukweli. Sharti tuulize ni nani aliyesimama nyuma ya kiti cha msomaji.

Ndugu zangu, habari hupotoshwa kwa njia tatu, na uongo mtupu si kubwa kati yake.

Kwanza ni kutanguliza. Wazee wetu wanakumbuka taarifa za enzi ya chama kimoja: zilianza kwa Mtukufu Rais, alikokwenda na aliowasalimu, hata siku yenye jambo zito zaidi. Huenda kila neno lilikuwa kweli. Lakini msikilizaji alifunzwa kwamba nchi ina mtu mmoja tu. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, vyama vingine vilipata haki ya kuingia kwenye karatasi ya kura, lakini havikupata kipaza sauti. Ndiyo maana mageuzi ya IPPG ya mwaka 1997 yaliingiza katika sheria ya KBC sharti la kugawa saa za matangazo kwa usawa baina ya misimamo ya kisiasa. Sheria haimwamrishi mtu jambo ambalo tayari analitenda.

Pili ni kunyamazisha. Mwaka 1988, baada ya uchaguzi wa mlolongo, jarida la makanisa liitwalo Beyond liliandika juu ya wizi wa kura. Likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alishtakiwa mahakamani, wala si kwa kuandika uongo, bali kwa kutopeleka fomu za hesabu ya nakala zilizouzwa. Waumini, likumbukeni jambo hili. Ukweli ukishindikana kujibiwa, hutafutiwa kosa la karatasi.

Tatu ni kuita jina, na hapa nafika kwetu.

Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Ghasia zikaenea hadi Ukunda na Diani. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na takriban 100,000 wakayahama makazi yao, wengi wakiwa watu wa bara. Maelfu walijihifadhi katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni.

Mambo hayo yakapewa majina. Walioyaita ujambazi waliondoa siasa: wakamatwe wezi, basi. Walioyaita vita vya kikabila walimtia hatiani Mdigo yeyote pamoja na mtoto wake, na vijana wengi wasio na hatia walikiona cha mtema kuni katika misako. Majina yote mawili yalilifunika swali moja: ni nani aliyepanga, na ni nani aliyefaidika wapiga kura walipokimbizwa miezi minne kabla ya uchaguzi wa Desemba 29? Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 ichunguze ghasia hizo na nyingine nchini. Ilikabidhi ripoti yake mwaka 1999, na wananchi hawakuiona hadi Oktoba 2002. Ripoti iliyofungiwa kabatini miaka mitatu ni habari iliyopotoshwa bila neno moja kubadilishwa.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi. Jirani yetu mmoja, fundi cherehani kutoka bara, alikuwa amejificha kwetu na mkewe. Siku ya nne alisikia tangazo kwamba hali imetulia na watu warejee makwao. Sitataja lilitoka wapi. Baba alimsihi, “Bwana, ngoja tuulize waliotoka huko leo.” Akajibu, “Mzee, imetangazwa.” Akaenda. Alirudi usiku akiwa na mkono uliokatwa kwa panga, na cherehani yake imeungua pamoja na nyumba. Neno lake lile, “imetangazwa”, ndilo lililonipeleka kusomea sheria.

Msidhani hayo yalikwisha. Machi 2, 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia gazeti la Standard, wakachoma nakala na kuizima KTN. Januari 30, 2018, vituo vya televisheni vilizimwa, na amri ya mahakama ya kuvifungua ikapuuzwa kwa siku kadhaa. Juni 25, 2025, vituo viliagizwa visitangaze maandamano moja kwa moja; mahakama ikaisimamisha amri hiyo siku ile ile.

Wala tusijipake mafuta. Mwaka 1997 vikaratasi vilisambazwa kuwaamuru wabara waondoke. Leo vikaratasi hivyo vimeingia katika simu zetu, na wako wanaharakati wa upande wetu wanaosambaza picha za nchi nyingine wakisema ni za hapa. Mwongo wa upinzani ni mwongo.

Basi tufanye nini? Amri za Mungu zinakataza ushahidi wa uongo, nayo Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Hujurat, inawaagiza waumini waichunguze habari ya mtu mpotovu wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Dini zetu zimekubaliana; iliyobaki ni sisi kutii.

Kila kanisa na kila mtaa wateue watu wawili watakaothibitisha habari kwa aliyeona kabla haijasambazwa. Tuandike tarehe, mahali na mashahidi, maana yasiyoandikwa leo yatakanushwa kesho. Tena tudai haki yetu: Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inavitaka vyombo vya habari vya serikali visipendelee, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kulijibu ombi lako, au saa 48 ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu. Barua hiyo haihitaji wakili.

Uchaguzi ujao ni wa Agosti 2027. Jirani akikimbilia kwako siku hiyo, usimwambie “imetangazwa”. Mwambie, “Ngoja, tuulize kwanza.”