Mboga za Uani

Yatupasa tukitafakari chakula ambacho aghalabu hakitajwi katika habari za bei za mazao, nacho ni mboga za majani zinazooteshwa uani. Shirika la Afya Duniani limenasihi kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Lakini katika vijiji vya Dodoma, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu na ardhi ikakauka tangu Mei hata Novemba, nasaha hiyo ni taabu kuitimiza, ijapokuwa wanawake wa Kigogo, kwa hekima waliyoirithi, huanika mlenda na kuuhifadhi kwa ajili ya kiangazi.

Hapo ndipo linapofaa gunia lililojazwa udongo na samadi, likatiwa mawe katikati ili maji yapenye hata chini, kisha likatobolewa ubavuni na kupandwa mchicha. Nalo hunyweshwa maji yaliyokwisha kuoshea nafaka, na baada ya wiki 3 au 4 majani huanza kuchumwa.

Ama mbegu za mnavu na mgagani, mboga zilizokuwa zikijiotea mashambani, si rahisi kuzipata katika maduka ya pembejeo, ambayo yamezoea kabichi na nyanya. Kwa rai yangu, ingekuwa insafu halmashauri za wilaya kuwafikishia akina mama mbegu hizo kabla ya mvua za Desemba, pamoja na bwana shamba wa kuwafundisha jinsi ya kujiwekea mbegu zao wenyewe.