Wimbo Uliofungiwa Katika Kontena

Hotuba ya katibu wa kwaya, yubile ya miaka 25

 

Nimepewa dakika tano, na mimi ni mwalimu: kengele ikilia, somo limekwisha. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu.

Tumeimba miaka 25. Tulianza na kanda, tukaja kwa CD, na leo tunazindua video. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyetukamata kwa sababu ya wimbo. Shida zetu zimekuwa nauli, mvua, na kinanda kunyamaza stima zikipotea. Tumshukuru Mungu.

Lakini yuko mwimbaji mwenzetu ambaye albamu ilimtia gerezani. Anaitwa Helen Berhane, wa Eritrea. Mwaka 2002 serikali ya nchi yake ilifunga makanisa yote isipokuwa ya Kiorthodoksi, Kikatoliki na Kilutheri. Kanisa lake lilikuwa miongoni mwa yaliyofungwa. Mwezi Mei 2004, muda mfupi baada ya kutoa albamu ya nyimbo za injili, alikamatwa. Hakushtakiwa wala hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa katika kambi ya kijeshi ya Mai Serwa, akafungiwa ndani ya kontena la chuma, mfano wa yale tunayoyaona barabarani yakitoka bandari ya Mombasa. Mchana chuma kile huwaka kama jiko. Usiku hugeuka baridi kali. Alitakiwa atie sahihi karatasi ya kuahidi kwamba ataacha kuhubiri imani yake. Sahihi moja tu, arudi nyumbani kwa binti yake. Alikataa. Alipigwa hata miguu ikaumia vibaya.

Aliachiliwa mwishoni mwa 2006, na baadaye akapata hifadhi Denmark. Wakati yuko kifungoni, shirika la Amnesty International lilipigania kuachiliwa kwake, na watu wa nchi za mbali ambao hawakuwahi kumwona waliandika barua kumtetea.

Na msifikiri ni makanisa madogo tu yaliyoumia. Abune Antonios, Patriarki wa Kanisa la Kiorthodoksi la huko, aliondolewa kitini baada ya kupinga serikali kuingilia mambo ya kanisa. Aliwekwa kizuizini nyumbani miaka mingi, akafa angali humo mwaka 2022.

Wapendwa, sasa niungame. Miaka michache iliyopita mama mmoja alikuja kwetu Jumapili nne mfululizo, akiketi benchi la nyuma. Hakujua maneno yetu, lakini alifuata sauti ya pili bila kukosea. Mimi ndimi niliyeandika jina lake katika kitabu cha wageni. Pale penye “Unatoka wapi?” alisema, “Eritrea.” Nikaandika, nikamshukuru kwa kuja, nikafungua ukurasa mwingine. Jumapili ya tano hakuonekana. Sijui kama alikuwa amefungwa kwa ajili ya imani au la, kwa sababu sikuuliza hata amelala wapi. Juma hilo kamati yetu ilikutana saa tatu nzima. Ninazo kumbukumbu za mkutano: tulijadili rangi ya sare.

Waebrania 13 inatuagiza tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao. Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane. Sisi tulio nje tunaimba mchana, tena kwa vipaza sauti. Basi uhuru huu tuutumie kwa faida ya ndugu zetu.

Naomba mambo matatu. La kwanza, zoezi la Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi lianze kwa kuwaombea waliofungwa kwa ajili ya imani, kwa majina pale majina yametangazwa wazi. La pili, tuandike barua za heshima kwa balozi za nchi zinazowafunga; nyingine ziko hapa Nairobi, nauli ya matatu tu. La tatu, fungu la kumi la mauzo ya video hii lipitie kwa mashemasi kusaidia kodi ya nyumba kwa wakimbizi walio kati yetu.

Ila tuwe na hekima. Mkimbizi asipigwe picha wala habari zake zisitiwe mtandaoni bila ruhusa yake. Huenda amewaacha wazazi nyumbani, nao ndio watakaoadhibiwa. Wala tusimlazimishe atoe ushuhuda ndipo apewe unga.

Jambo hili lilikuwa likiwekwa chini ya “mengineyo”, nasi tukifika hapo watu wameshachukua mikoba. Katika mkutano ujao nimeliandika kuwa ajenda ya kwanza.

Na Jumapili ijayo, atakayemwona mgeni kwenye benchi la nyuma asiniachie mimi na kitabu changu. Aketi naye.

Mungu awabariki. Yubile njema!