Alama za Bugembe Ziwekwe na Wana-Bugembe



Atokaye Jinja kwa barabara iendayo Iganga hufika Bugembe baada ya mwendo mfupi tu. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Ufalme wa Busoga. Utawala wa Kyabazinga ulifutwa pamoja na falme nyingine za Uganda mwaka 1967, na ukarudishwa mwaka 1995. Hiyo ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa Bugembe mwanzoni mwa kipindi hicho aliweza kukua, kuoa na kupata watoto wake, pasipo kuelezwa na mtu kwa nini mahali pale palikuwa na heshima.

Leo tungependa kuzungumza juu ya njia za urithi. Njia ya urithi ni mpango ambao wanakijiji huchagua mahali penye kumbukumbu, wakapaunganisha kwa njia ya miguu, na kila kituo wakakiwekea alama: sanamu, jiwe la kuchongwa au picha ya ukutani. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya watalii. Sisi tunasema kwamba jambo kubwa hapa ni kujua ni nani anayeweka alama.

Tuutazame mto wenyewe. Mto Naili, ambao Wasoga huuita Kiyira, ulikuwa na wavuvi wake siku nyingi kabla ya John Hanning Speke kufika mahali unapotoka ziwani, tarehe 28 Julai, 1862. Speke aliwakuta wavuvi hao kazini, lakini maporomoko akayapa jina la Ripon, bwana mkubwa wa kwao Uingereza. Bwawa la Owen, linaloitwa leo Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954, maporomoko hayo yalizama. Jiwe likafunikwa na maji, bali mnara wa kumkumbuka Speke umebaki ng'ambo ya magharibi. Ukiwauliza watu majina ya wale wavuvi, hakuna atakayekujibu, kwa maana hakuna aliyeyaandika.

Maporomoko ya Bujagali nayo, ambayo kwa wenyeji yalikuwa makao ya mizimu, yalizamishwa na mradi wa umeme uliokamilika mwaka 2012. Umeme tunauhitaji, na hatuulaumu. Lakini mahali pakishazama hubaki simulizi, na simulizi isiyopewa pa kukaa huondoka pamoja na wazee. Hapo hapo Jinja kuna kilima cha Mpumudde, ambako Omukama Kabalega wa Bunyoro alifariki mwaka 1923, akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni Shelisheli. Ni vijana wangapi wapitao hapo kila siku wanaolijua jambo hilo?

Wala asitokee mtu wa kusema kwamba sanaa ya hadharani ni jambo la kuletewa. Huko Nyero, wilayani Kumi, kaskazini ya Mbale, miamba ina michoro ya duara ndani ya duara, iliyochorwa na watu wa kale kwa rangi nyekundu na nyeupe. Na Uganda ilipojitawala mwaka 1962, sanamu ya Uhuru mjini Kampala, ya mama anayemwinua mwanawe juu, ilichongwa na Gregory Maloba, Mwafrika wa Kenya aliyefundisha Makerere.

Busoga wenyewe wanayo ngoma ya Bigwala, mabaragumu ya vibuyu yanayopigwa katika shughuli za kifalme. Kila baragumu lina sauti moja tu, na wimbo haupatikani mpaka wapigaji wapokezane. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa kuwa mabingwa wake waliobaki walikuwa wazee wachache. Tangu hapo vijana wamefundishwa, na mbegu za vibuyu zimepandwa upya.

Njia ya urithi hapana budi ijengwe kwa namna hiyo hiyo. Wazee wataje mahali, vijana wachore, mafundi wa kijiji wachonge. Mwenye shamba akubali kwa maandishi kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Maelezo yaandikwe kwanza kwa Kisoga, ndipo zifuate lugha nyingine. Mapato yasomwe mbele ya mkutano, na sehemu yake itengwe kwa matengenezo, maana sanamu iliyomea majani ni aibu kuliko kutokuwa na sanamu. Tena si kila kitu kionyeshwe: mahali pa matambiko ambapo wenyewe wanataka pafichike, paachwe pafichike.

Hatari iliyopo ni ile tuliyoizoea. Mfadhili huja na picha zilizokwisha chorwa, kiongozi hukata utepe, magari huondoka, na wanakijiji hubaki wakitazama ukuta usiowahusu. Kijiji kilichochorewa hivyo hakina tofauti na maporomoko yale yaliyopewa jina la Ripon mbele ya wavuvi wake.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili haiachwi kwa kusahau tu. Huachwa pia kwa kumpa mtu mwingine kazi ya kuisimulia. Wazee wanaojua bado wapo. Wana-Bugembe wawaendee sasa.