Kuwashinda Wadudu Wafyonzao Maji ya Mimea
Hotuba kwa watunza bustani na wakulima wa kahawa wa Kitale na Bungoma



Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Maneno hayo yamfaa sana mkulima. Tembo akiingia shambani, watu hupiga madebe na kijiji kizima hutoka nje. Lakini mdudu mdogo kuliko punje ya mtama akikaa chini ya jani, hapana ampigiaye debe. Hufyonza kimya kimya, mchana na usiku, na mwenye shamba hushtuka siku ya kupeleka kahawa kiwandani, aonapo mavuno yamepungua na karo ya watoto imepungua pamoja nayo.

Mdudu anayezungumzwa hapa ni kidung'ata. Mwili wake ni laini, nao umefunikwa na nta nyeupe, hata mtu akimtazama kwa haraka hudhani ni unga uliomwagika au pamba iliyonata. Katika mji wa Kitale humwona wale waoteshao mshubiri na mimea mingine ya majani manene katika makopo barazani. Hujificha mahali majani yanapokutana na shina, na pengine hukaa mizizini chini ya udongo. Katika mitelemko ya Mlima Elgon, upande wa Bungoma, humwona wakulima wa kahawa, katikati ya vishada vya buni na kwenye machipukizi machanga.

Mdudu huyu hana meno ya kutafuna. Ana mdomo mwembamba kama sindano, ambao huuchoma ndani ya mmea na kufyonza maji yake. Afyonzayo ni mengi kuliko mahitaji yake, na yanayozidi huyatoa mwilini yakiwa matamu kama asali. Utamu huo hudondoka juu ya majani, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Hivyo mmea hupata hasara mara mbili: hunyang'anywa chakula, na majani yake hufunikwa yasipate mwanga wa jua.

Hapa ndipo aingiapo sisimizi. Yeye haudhuru mmea kwa kuula, bali huupenda ule utamu, na kwa ajili yake huwachunga vidung'ata kama mfugaji achungavyo ng'ombe. Akija adui wa kidung'ata, sisimizi humshambulia na kumfukuza. Basi mkulima aonapo msafara wa sisimizi ukipanda na kushuka katika shina la mbuni, ajue kwamba huko juu kuna zizi, na ng'ombe wanakamuliwa.

Habari za mdudu huyu katika Kenya zastahili kukumbukwa. Mapema katika miaka ya 1920 vidung'ata vilizuka katika mashamba ya kahawa ya nyanda za juu, mashariki ya Bonde la Ufa, vikaleta hasara kubwa. Wataalamu walidhani ni aina iliyokwisha kujulikana katika nchi nyingine, kwa hiyo wakatafuta adui zake katika nchi za mbali za Asia. Wadudu walioletwa kutoka huko hawakufaa. Kosa halikuwa katika bidii, bali katika jina: mgonjwa alikuwa akipewa dawa ya ugonjwa mwingine. Mwaka 1935 Bwana R. H. Le Pelley alieleza kwamba mdudu wa Kenya ni wa aina yake mwenyewe, naye ndiye aitwaye na wataalamu Planococcus kenyae. Ilionekana kwamba yuko Uganda pia, na huko hakuwa balaa kubwa, kwa sababu adui zake wa asili walikuwa wakimpunguza.

Mwaka 1938 adui hao waliletwa Kenya kutoka Uganda. Aliyefaulu zaidi ni nyigu mdogo sana aitwaye Anagyrus. Nyigu huyo hamchomi binadamu wala hali jani. Hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Mtoto wake hukua humo akimla mwenyeji wake kutoka ndani, kisha hutoka akiwa nyigu kamili na kwenda kutafuta kidung'ata kingine. Dawa iliyotafutwa ng'ambo ya bahari ilikuwa kwa jirani.

Jambo kama hilo lilitokea tena katika muhogo. Kidung'ata cha muhogo kilitoka Amerika ya Kusini, kikaingia Afrika mapema katika miaka ya 1970, na kuleta njaa katika nchi nyingi. Nyigu wa ukoo ule ule wa Anagyrus alipatikana Paraguay mwaka 1981, akaletwa Afrika, naye akautuliza msiba huo katika sehemu nyingi za bara.

Mtu aweza kuuliza, "Kwa nini nisipige dawa kali tu, mambo yakaisha?" Jibu lake ni kwamba nta ya kidung'ata humkinga, na mwenzake aliyejificha ndani ya kishada haguswi kabisa. Bali nyigu, arukaye wazi, hufa siku hiyo hiyo. Baada ya majuma machache vidung'ata hurudi wengi kuliko kwanza, na mlinzi hayupo tena. Tena dawa nyingine huacha sumu ya miaka mingi. Dieldrini, iliyopakwa zamani kwenye mashina ya mibuni kuwazuia sisimizi, ni mojawapo ya sumu zilizokatazwa katika mapatano ya mataifa yaliyofanywa Stockholm mwaka 2001. Mkulima aliye na kopo la zamani ghalani asilitumie wala asilimwage mtoni. Ampelekee habari Bwana Shamba.

Basi yafaa kufanya nini? Kwa mshubiri wa barazani, kwanza uutenge na mingine. Vidung'ata vifutwe kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, au kwa mswaki laini na maji ya sabuni ya kawaida. Sabuni ijaribiwe kwanza kwenye jani moja, kwa siku mbili tatu, wakati wa jioni, kwa kuwa majani mengine huungua. Isisahauliwe kwamba mimea mingine ya namna hii ina unga wake wa asili, ulioenea sawasawa juu ya jani zima. Huo si ugonjwa, nao usifutwe. Kama wadudu wako mizizini, mmea ung'olewe, mizizi ioshwe, iachwe ikauke siku chache, kisha upandwe katika udongo mpya uliokauka. Kazi hiyo irudiwe kila juma mpaka mayai yote yaliyobaki yawe yameanguliwa na kwisha.

Kwa mibuni, kazi ya kwanza ni kumzuia sisimizi. Kila shina lifungwe ukanda wa kitambaa au wa plastiki, na juu ya ukanda huo ipakwe grisi inatayo. Grisi isipakwe juu ya gome lenyewe, maana yaweza kulidhuru. Kisha matawi yote yagusayo ardhi yapogolewe, na magugu marefu yafyekwe. Kwani tawi moja au jani moja la nyasi latosha kuwa daraja, na kazi yote ikawa bure. Ukanda uangaliwe mara kwa mara, kwa kuwa vumbi na majani makavu hujenga daraja vilevile. Mbuni uliopogolewa vizuri huingiza hewa na mwanga, na vidung'ata hukosa maficho. Ikiwa baada ya hayo bado dawa yahitajiwa, na aulizwe Bwana Shamba ni ipi, tena inyunyizwe kwenye miti iliyoshikwa tu, si shamba zima.

Hayo yote hayataki fedha nyingi, ila yataka macho. Mkulima apitaye katika shamba lake kila juma, akainama na kufunua majani, atamwona mdudu angali mmoja. Asiyepita atamwona akiwa jeshi. Amzuie sisimizi, amwache nyigu afanye kazi yake. Na hapo mlinzi huyo mdogo, asiyedai mshahara wala posho, atalilinda shamba usiku na mchana.