Kufunga Dirisha Si Kutoka



Wengi wetu huomba kazi, mikopo ya masomo na vyeti kwa kompyuta za steshenari na migahawa ya intaneti. Tukimaliza, twafunga dirisha na kwenda zetu. Anayeketi baada yetu aweza kuikuta barua pepe yetu i wazi.

Tunawasihi mzingatie mambo matatu. Kwanza, tokeni kwenye akaunti zenu. Pili, bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Delete, mchague muda wote, kisha mfute historia na vidakuzi, na pia nywila zilizohifadhiwa ikiwa chaguo hilo lipo. Tatu, futeni mafaili mliyopakua, hata yaliyomo katika pipa la taka la kompyuta, kwani kufuta historia hakuyaondoi.

Nyumba haifungwi kwa kuipa kisogo.